Kichupa cha Watoto Kumi

"Mko wangapi?" nesi aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha kuhesabu. Benchi zima lilikuwa na mama mmoja, na mtoto mmoja mgongoni.

"Si unatuona, dada? Mimi na huyu."

Kichupa cha chanjo ya surua hutosha watoto kumi. Kikishachanganywa na maji yake kina saa sita, zikipita, kinamwagwa. Ndiyo maana waraka ukutani uliagiza kisifunguliwe mpaka watimie watoto watano. Waliouandika hukalia viti vya kuzunguka. Hawajawahi kumtazama usoni mama mwenye vumbi hadi magotini wakamwambia arudi wiki ijayo.

Maneno hayo nesi alikuwa amewasemea kwa miaka kumi na tisa.

"Rudi Jumanne, mama."

"Jumanne iliyopita ulisema hivyohivyo. Tulikuwa wawili. Ile ya kabla yake, watatu. Wenzangu wamechoka." Yule mama akacheka bila furaha. "Nami nikichoka, Jumanne utalikuta benchi peke yake. Ulichanje hilo."

"Surua imefika kwenu?"

"Nyumba ya pili kutoka kwangu."

Nesi akamkumbuka fundi cherehani. Mwanawe alirudishwa mara tatu. Mara ya nne fundi alikuja peke yake, akaiweka kadi ya mtoto mezani, akasema, "Asante." Hakugomba. Laiti angegomba! Lile asante lilikuwa na miaka saba kooni mwa nesi, halimezeki wala halitemeki.

Akampigia simu msimamizi.

"Mama, usinitie matatani," msimamizi alisema. "Mwezi uliopita ulimwaga dozi nane. Niliitwa kikaoni kujieleza."

"Na watoto tuliowarudisha, waliitiwa kikao gani?"

"Fuata waraka," msimamizi alisema.

Nesi akakata simu. Miguu ilimuuma tangu alfajiri, na hasira nayo ilikuwa imechoka. Ilikaa tu, kama mgeni asiyeaga. Akafungua kichupa, akachanganya, akakiandika saa ubavuni: nne na robo. Mtoto alipochomwa alipiga ukelele uliojaza chumba kitupu.

Nesi akakitia kichupa ndani ya kasha la barafu, akalivaa begani.

"Hao wenzako waliochoka, milango yao unaijua?"

"Naijua. Lakini ni mbali, dada, na miguu yako imevimba hivyo."

"Nimekuuliza milango. Miguu ni yangu."

Walifika kijijini saa sita kasorobo. Kwenye mlango wa kwanza nesi alibisha mara mbili kabla ya sauti kujibu kutoka ndani.

"Nani?"

"Nesi wa kliniki. Nimeleta chanjo ya mtoto."

"Wewe si ndiye uliyeturudisha?"

"Ni mimi."

Ndani, mtoto alikohoa. Kisha nyayo zikaja polepole, na komeo likaanza kukwaruza. Nesi alisimama juani akilisikiliza, asijue kama linafunguliwa au linakazwa.