Safu ya Nyuma

Muuzaji aliniuliza tuko wangapi nyumbani, nikamjibu wanane bila kupepesa macho. Akachungulia nyuma yangu kama anayewatafuta wale wengine saba. Nikamwambia asihangaike, wanakuja.

Na sikudanganya. Watoto wangu watatu walikuwa wameahidi kuja likizo ya mwisho wa mwaka, wote pamoja, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba yao miaka minne iliyopita. Mkubwa, tunayemwita Bosi, na mkewe na watoto wao wawili. Wa kati, Redio, ambaye hanyamazi hata akiwa na mswaki mdomoni, na mumewe. Na kitindamimba wangu, Pini. Niongeze na mimi, tunatimia wanane. Gari letu la zamani, lile la mlango wa kusukuma, lilikuwa limeshakata roho mara tatu barabarani, na safari ya mwisho fundi alifunga boneti akanipa pole kama ya msibani.

"Mama, nunua kigari kidogo," Bosi aliniambia kwenye simu. "Uko peke yako. Safu tatu za nini?"

Nikamkatia simu. Ndiyo, nina hasira za karibu, sikatai. Lakini kuna maneno mtoto hamwambii mama yake, hata kama ni ya kweli.

Basi nikazunguka yadi za magari wiki nzima na futi yangu ya kupimia shingoni. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona sare za shule miaka thelathini. La kwanza lilikuwa linang'aa, lakini nilipojibana safu ya nyuma magoti yakanifika kidevuni. Nikamuuliza mwenye yadi, "Hapa anakaa nani, paka?" La pili lilikuwa na mikanda miwili kwa viti vitatu. Eti wa katikati ashikwe na wenzake! La tatu lilikuwa la kijivu, bei ya kukunja uso lakini inalipika, na safu ya nyuma nikanyoosha miguu hadi nikasahau kushuka.

"Kwa nini mama anaanza na nyuma?" akauliza muuzaji wake, yule aliyetaka kujua tuko wangapi. Alikuwa baba mtu mzima, mwenye kitambi na tai fupi.

"Kwa sababu mbele kila gari ni zuri."

Hayo ni maneno ya marehemu mume wangu. Alikuwa fundi magari, na alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, gari la safu tatu halijaribiwi likiwa tupu. Ulijaze watu, ulipandishe mlima, ndipo utasikia kama injini inakohoa na utaona kama nyuma inachuchumaa. Ya pili ni kwamba gari haliondoki mpaka kila safu iitike.

Hiyo ya pili tuliitunga kwa aibu. Pini akiwa na miaka sita tulimsahau kwenye kituo cha mafuta. Alikwenda chooni, sisi tukajaza tangi tukaondoka, huyo Redio anapiga soga, mimi naimba. Tulikwenda nusu saa nzima. Nilipogeuka kugawa biskuti nikakuta safu ya nyuma haina mtu. Tuliporudi tulimkuta amekaa juu ya dumu, ametulia tuli. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. "Nilijua mtahesabu," akasema. Tangu siku hiyo baba yao hakugusa gia kabla ya kuuliza, "Safu ya nyuma?" Pini anapiga kelele, "Tupo!" hata akiwa peke yake. "Safu ya kati?" "Tupo!"

Sasa gari la kijivu lilitaka watu saba wa kulijaribia. Nikakaa kitandani na simu, nikipitia majina. Shoga yangu wa chumba cha ushonaji kahamia kwa mwanawe. Jirani wa kulia hatusemezani tangu ile kesi ya bomba la maji, na sianzi leo. Nikafika mwisho wa orodha, nikarudi mwanzo. Sikupata hata wawili. Niliona haya, nikiwa peke yangu chumbani, kana kwamba kuna anayenitazama.

Ndipo nikafikiria mchanga. Mkabala na yadi kuna muuza vifaa vya ujenzi, ana magunia na mizani. Kila mtu gunia lake, kwa uzito wake. Nikafungua daftari langu la vipimo nimuandike kila mmoja, na kalamu ikasimama. Mimi, ambaye mtu akipita dirishani naweza kutaja kiuno chake! Kipimo cha mwisho cha Bosi kilikuwa cha suti ya harusi. Cha Redio, gauni la kuhitimu. Cha Pini kilikuwa cha sketi ya shule. Wajukuu hawakuwemo kabisa.

Nikampigia Bosi.

"Mama, niko kikaoni."

"Nataka kilo zako tu, mwanangu."

"Kilo zangu? Mama, u mzima kweli?"

"Nijibu."

"Tisini na moja."

"Weee! Na mkeo?"

"Hilo siulizi mimi, mama. Bado napenda kuishi." Tukacheka wote wawili, na kwa muda kidogo nikasikia ni yuleyule. Akanikadiria mkewe na watoto, akasema wanamwita ndani.

Redio alinipa sitini na nane, pamoja na maelezo ya robo saa kuhusu mkate aliouacha na mkate alioshindwa kuuacha. Nikauliza, "Na mkwe wangu?" Redio akanyamaza. Mwanangu huyu sijawahi kumsikia amenyamaza.

"Huyo usimhesabu, mama."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Tulikuwa mwezi wa kumi na moja. Miezi minane mtoto wangu analala peke yake na mimi namtumia mumewe salamu. Nilitaka kumgombeza, nilitaka kumbembeleza, sikuweza hata kimoja. Nikamwambia ale huo mkate. Pini hakupokea.

Asubuhi nilimtoa muuzaji jasho. Tulipima mchanga, tukatandika mashuka yangu juu ya viti, tukapakia. Bosi mbele kando yangu. Mkewe na Redio safu ya kati. Wajukuu nyuma, na Pini katikati yao, kilo hamsini za kubahatisha. Magari ya siku hizi yana akili: kila gunia lilipokaa, taa nyekundu ya mtu ikawaka mbele yangu na kengele ikalia mpaka nikalifunga mkanda. Nikafunga sita. Gari likaamini kabisa kwamba nina watu.

Simu ikaita. Ni Pini.

"Mama, samahani, jana nilichoka. Arobaini na nane. Bosi kaniambia unatupima." Alikuwa anacheka, kisha akaacha. "Mama, ni kwa ajili ya likizo? Bosi hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Tulikubaliana kwenye kundi letu. Bosi atakwenda kwa wakwe zake. Redio hataki kuulizwaulizwa. Mimi nitakuja mwezi wa nne, siku mbili. Tulidhani Bosi amekwambia, na yeye nadhani alidhani mimi nimekwambia."

Kundi lao. Sikujua kwamba kuna kundi. Nikamwambia sawa, mama, hakuna neno. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari nimeshika mkanda wake.

Muuzaji alikuwa amesikia, maana mimi simu naisikiliza kwa sauti. Akatazama viatu vyake. "Mama," akasema polepole, "kuna kadogo kale kekundu. Viti vinne, hakali mafuta. Sisemi hivyo kwa biashara, hili la kijivu lina faida zaidi kwangu."

"Panda," nikamwambia. Akapanda safu ya kati, kwenye kiti cha mkwe wangu.

Nikawasha. Mkono ukafika kwenye gia ukagoma. "Safu ya nyuma?" nikauliza. "Safu ya kati?"

Akakohoa. "Tupo, mama," akasema. Mungu amlipe.

Mlima tuliupanda kwa gia ya pili, injini haikukohoa, nyuma haikuchuchumaa. Gari zuri, baba yao angelisifu. Kwenye kioo niliyaona magunia matatu yamekaa wima na mikanda yao, nikalia mpaka kileleni, na yule baba wa watu akatazama nje dirishani kana kwamba kuna jambo huko.

Nikalinunua. Muuzaji akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nikichukua kale kadogo nitakuwa nimekubaliana nao, na mimi sikualikwa kwenye kikao chao. Tukasaini. Akavua koti aanze kushusha mchanga.

"Uache," nikasema. "Nitashusha nyumbani."

"Utaweza, mama? Peke yako?"

Nikachukua funguo. Akaenda kufungua geti. Nikaketi, nikafunga mkanda wangu, taa ya saba nayo ikazimika mbele yangu, kila mtu amefungwa. Nikauliza safu ya kati. Nikauliza safu ya nyuma. Nikangoja, kwa sababu sheria ni sheria, na Pini naye aliwahi kungoja juu ya dumu akijua tutahesabu.

Yule baba alikuwa ameshika geti wazi, ananipungia mkono nitoke.

"Tupo," nikaitika mwenyewe, nikaingiza gia.