Ijumaa Nilipokalia Nafasi ya Geneviève

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Nobert, ni mtu mwema, ila anaogopa aibu kuliko anavyomwogopa Mungu. Nilipomwambia kwamba Ijumaa nitakuwa sokoni Bwera nikiuza unga wa muhogo, alivua miwani akaifuta, akaivaa, kisha akaivua tena.

"Madamu Masika, mwalimu wa hesabu akae chini auze unga? Wazazi watasema nini?"

"Watauliza bei," nikamjibu.

Sikuwa nafanya mzaha. Ijumaa hiyo kidato cha nne walikuwa na mtihani wa taifa wa kemia, ule wa maabara, na Marlène, msichana hodari kuliko wote niliowahi kufundisha, alikuwa amekuja kuniaga. Yeye na mama yake, Geneviève, walivuka mpaka kutoka upande wa Beni, Kongo, wakiwa wawili tu na mimba ya mama. Baba yake aliuawa huko. Tangu hapo wanakula kwa unga ule.

"Madamu, kesho sitakuya," aliniambia. "Mama iko ku hôpital, balimupasua juu ya mutoto. Kama mutu haiko pa nafasi yetu ku soko, bengine batakamata."

Alisema kweli. Soko letu lina sheria ambayo hakuna aliyeiandika: nafasi ni ya anayeuza. Ukikosa siku moja ya soko, mwenzako anatandika kitenge chake pale na hakuna wa kumwondoa. Kukaa tu nako hakutoshi. Adhana ya adhuhuri ikiisha hujauza kitu, unahesabiwa kwamba hukuja.

Mimi ni Mkristo wa kusali kwa sauti, kila mtu shuleni anajua. Lakini nilipotaka kumwambia mtoto yule kwamba tutamwombea, niliona hayo hayatoshi. Nilikasirika. Mungu alikuwa amenipa makalio, na mtihani wa somo langu la hesabu ulikuwa umeshafanywa wiki iliyopita, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nikamwambia, "Wewe nenda maabara. Nafasi nitaikalia mimi."

Asubuhi nilitandika kitenge changu cha kwaya, nikaweka gunia la unga la Geneviève, nikaomba kwa kifupi: Bwana, sijui kuuza, wewe unajua. Kisha nikajaza kopo la kupimia na kulikwangua juu kwa rula ya ubao niliyokuja nayo, mpaka unga ukawa sawasawa na mdomo wa kopo. Niliona ni haki kabisa. Wanawake walisimama, wakatazama kopo, wakatazama rula, wakaenda zao. Boda boda zikapita zikinirushia vumbi, na jua likapanda.

Jirani yangu hapo alikuwa Hajara, anayeuza chumvi ya Kabatoro. Alivumilia kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Madamu, wewe nauza ama nasahihisha mtihani?"

"Nampimia kila mtu sawa."

"Watu hii nataka kuona mlima juu ya kopo. Geneviève naweka bei ya mlima, si ya kopo. Wewe nakata kichwa ya unga, halafu nataka bei ile ile."

Nikaona haya. Kila Jumapili nawaimbisha watu kwamba Mungu hutoa mpaka baraka zimwagike, na mimi nilikuwa nakwangua unga wa mjane kwa rula.

Papo hapo adhana ikaanza. Hajara akajifunga mtandio, akaniachia chumvi yake yote bila kuuliza, akaelekea msikitini. Na alipoondoka tu, Mackline wa ndizi akaja na mikungu yake, akasimama mbele yangu.

"Madamu, ondoka tu polepole. Adhana inaisha na wewe hujauza. Hapa sasa ni yangu."

Nina sauti ya kumnyamazisha mwanafunzi wa dawati la nyuma, na ningeweza kulitikisa soko zima. Lakini watu walikuwa wanaitwa kwenye sala, na sala ya jirani yangu siwezi kuipigia kelele. Nikaiweka rula chini ya gunia, nikalijaza kopo, nikaongeza, nikaongeza tena mpaka unga ukasimama kama kichuguu na kuanza kuteleza pembeni. Ndani yangu nilikuwa naomba kama mtu anayezama.

Mama mmoja Mkongomani akasimama. Akautazama ule mlima, akafungua mfuko wake.

"Mwaga humu," alisema. "Na nyongeza."

Nikamwaga, nikatia na nyongeza. Mwadhini alikuwa bado hajamaliza. Mackline alitazama, akabeba mikungu yake, akarudi alikotoka. Adhana ilipokwisha ndipo nikaifungulia sauti yangu, nikauza unga, nikauza na chumvi ya Hajara. Hajara aliporudi alikuta watu wamejaa mpaka kwenye nafasi yake.

Alasiri Marlène alifika anakimbia na sare yake, vidole vina madoa ya dawa ya maabara.

"Madamu, rangi ilibadilika vile ilitakiwa," alisema, kisha akaliona gunia limelala tupu. Akaketi juu yake akalia kwa furaha, nami nikalia naye, na Hajara akatukemea kwamba tunafukuza wateja.

Matokeo yalipotoka, Marlène aliongoza shule nzima. Geneviève alitukuta ofisini kwa Bwana Nobert, mtoto mgongoni, kopo mkononi. Alitandika karatasi mezani kwa mwalimu mkuu, akanipimia mlima wa unga, akaongeza, akaongeza tena, mpaka ukamwagikia mafaili na miwani iliyokuwa pale. Bwana Nobert aliiokota akaifuta, akaivaa, akauliza kwa adabu kabisa kopo moja ni bei gani.