Aliyekuja Mwaka Jana

“Ukialika kwa mashine, nani atabisha hodi?” aliniuliza jirani yangu Bi Zuwena, aliposikia kuwa mwaka huu hitima ya marehemu mume wangu Mbaruku inaalikwa kwa barua pepe. Usiku wa jana niliota jibu lake.

Kwanza nieleze. Binti yangu Mwatumu kazi yake kutengeneza tovuti, na mialiko ameishika yeye. Haandiki jina moja moja. Daftari letu lote la wageni, na nani alikuja lini, amelitia kwenye kompyuta. Yeye anaandika sharti tu, na orodha ya wa kupelekewa inajijaza yenyewe. Sharti nilimpa mimi: aliyekuja mwaka jana. Nilijua nani hakuja. Wifi yangu Mwanamkasi hakuja kwa sababu sikumwalika, na sikumwalika kwa sababu mazikoni alisema sikumuuguza kaka yake ipasavyo.

Basi ndotoni nimesimama ukumbini kwangu, mchana. Mlangoni ameketi Sharti. Ni mwembamba, kanzu imepigwa pasi, hana masikio ila moja.

“Ulikuja mwaka jana?” anamuuliza kila mtu.

“Nilikuja.”

“Pita.”

Anayepita anaketi jamvini, na jamvi linarefuka kiasi cha mtu mmoja. Kati ya mtu na mtu anaketi Mkato, yule wa kwenye maandishi, kijitu cha mgongo uliopinda.

“Tusipokaa sisi,” Mkato mmoja ananiambia, “Bi Zuwena na imamu watakuwa mtu mmoja.”

Nikawaambia wakae.

Barua yenyewe iko katikati, imevaa bahasha, inakunywa kahawa. Inangoja orodha ijae iondoke.

Mara anafika marehemu mume wangu, na bakora yake.

“Ulikuja mwaka jana?”

“Mimi ndiye niliyesomewa.”

“Sikukuuliza hilo. Ulikuja?”

“Sikuja.”

“Basi hupiti.”

Mbaruku hakubisha. Akaenda kuketi barazani, kando ya dada yake. Mwanamkasi yuko pale, ungo kwapani, kama wanawake wanaokuja kuchambua mchele wa shughuli. Sijui amengoja tangu lini.

“Mwenye hitima yuko nje,” nikamwambia Sharti.

“Nafuata ulichosema. Ulisema aliyekuja. Ukitaka na mwingine, mseme.”

Ukumbi ukawa darasa la nne, shuleni kwetu. Niko mbele ya ubao, kandambili mguu mmoja. Chaki ina uzito wa kinu. Jamvi zima linanitazama, na mume wangu anachungulia dirishani.

“Andika, mama Mwatumu,” anasema. “Uliniuguza vizuri. Na dada yangu mwandike.”

Nikasema Bismillahi, nikainua chaki kwa mikono miwili, nikaandika chini ya sharti langu: na wa damu ya marehemu, waje wasije.

Sharti akasoma kwa kidole, polepole, akasogeza kiti. Mwanamkasi akapita. Mkato akajibana, jamvi likarefuka. Wifi hakuniangalia, lakini kifua changu kilikuwa chepesi, kama mzigo wa kuni umeshushwa na mtu kwa nyuma. Nilipogeukia dirishani, Mbaruku hayupo. Barua ikaweka kikombe chini, ikaondoka.

Niliamshwa na adhana ya alfajiri. Nikasali, nikatenga chai. Kulipokucha Mwatumu akaniita kwenye kompyuta yake. Barua aliitegesha iondoke yenyewe asubuhi.

“Mama, jana tulikuwa na watu thelathini na tisa. Imekwenda kwa arobaini.”

“Alhamdulillahi.”

“Si alhamdulillahi, mama. Sharti langu lina mstari wa pili. Kauandika nani?”

Nikatazama vidole vyangu. Vina vumbi jeupe, na unga sijagusa tangu juzi.

Hapo hodi ikabishwa. Mwanamkasi alikuwa mlangoni, ungo kwapani.

“Wifi, mchele unachambuliwa lini?”

“Kesho, baada ya adhuhuri.”

Akaingia mpaka jikoni, akauweka ungo wake juu ya wangu, akatoka.