Pua ya Mama Mawimbi

Saluni ile ilikuwa na viti vitatu, vioo vitatu na mwenyewe mmoja, na mwenyewe huyo hakupenda kuulizwa maswali. Watu walimwita Mama Mawimbi kwa sababu ya kazi yake. Ukimpelekea kichwa cha nywele zilizonyooka kama uzi, ulitoka na mawimbi. Ukimpelekea kipilipili kilichoshikana hasa, ulitoka na mawimbi vilevile, makubwa na malegevu, yakicheza mabegani. Siku hizi mitindo imekuwa mingi. Wasichana huja na simu mkononi, kila mmoja na picha yake: huyu anataka mawimbi yaanzie chini ya masikio, yule anataka mizizi inyanyuke na ncha zibaki zimelala, mwingine anataka vijiti vya kuviringishia, vinene na vyembamba, vichanganywe ili aonekane alizaliwa hivyo. Mama Mawimbi aliiangalia picha, akakiangalia kichwa, kisha akasema, "Picha ni ya mwenzio. Nywele ni zako. Tuzungumze habari ya nywele zako."

Aliyefanya naye kazi ni bintiye, mwanamke mzima mwenye watoto wake, ila kwa kuwa tangu utotoni hakuachana na kitana, jina hilo la Kitana lilimganda. Mitindo mipya Kitana aliijua kumshinda mama yake, na mama hakuona haya kukubali. Vijiti virefu vya kukunja, kupinda nywele nusu kichwa, kunyoosha mbele na kuviringisha nyuma, hayo yote aliachiwa yeye. Dawa ndiyo hakuachiwa. Kuhusu dawa, Mama Mawimbi alikuwa mkali kama askari wa geti.

Dawa ya mawimbi huja kwenye madumu makubwa, na yeye aliihamishia kwenye chupa ndogo zenye mdomo mwembamba, zote nyeupe, zote sawa. Kulikuwa na ya nywele ngumu zisizosikia, ya nywele za wastani, na ile laini ya nywele dhaifu, zilizopakwa rangi au zilizochoka. Hakuandika chochote juu yake. Karatasi ikilowa dawa hubanduka, alisema, na wino hufutika, lakini pua haibanduki. Alifungua chupa, akaipitisha chini ya pua, akajua. Aliosha hivyohivyo, kwa pua. Vijiti vikiwa bado kichwani, dawa ikishafanya kazi yake, ni lazima isuuzwe mpaka iishe ndipo ipakwe nyutralaiza, ile dawa ya pili inayoyatuliza mawimbi yakae. Ukiipaka kabla dawa ya kwanza haijaisha, nywele huungua na kukatika kama majani makavu. Mama Mawimbi aliinama juu ya kichwa, akanusa, na kama pua haikuridhika alirudi kwenye maji. Ndivyo alivyomfundisha mwanawe pia.

Ndiyo maana siku moja, walipokuwa wakimtengeneza bibi arusi, Kitana alishtuka. Mama aliinama, akanusa, akasema, "Tayari," na Kitana aliyekuwa amesimama hatua mbili nyuma yake alikuwa akisikia harufu ya dawa waziwazi, kali, mbichi. Alidhani mama amechoka. Akasema yeye atampaka nyutralaiza, mama apumzike kidogo, kisha akamrudisha bibi arusi kwenye sinki akamsuuza upya, akijifanya anatoa povu. Wiki hiyohiyo ikatokea tena. Akaanza kumchunguza mama yake, akaona chakula kikiungua chini ya sufuria jikoni na mama amekaa palepale anachambua mboga, hana habari. Hapo akaelewa. Pua ya mama yake ilikuwa imekufa. Iwe ni ile homa iliyomlaza mwaka uliopita, iwe ni dawa zenyewe alizozivuta tangu ujana wake, hakuna aliyejua, na mama hakumwambia mtu.

Kitana naye hakusema. Angeanzaje? Huyu ni mama aliyewalea kwa vidole vyake na pua yake, mjane tangu watoto hawajaota meno ya pili, na saluni ile ndiyo iliyomfanya akiingia mahali watu wasogee kumpisha. Ukimwambia hawezi tena, umemwambia akae nyumbani ahesabu mabati. Basi Kitana akawa mwizi wa kazi. Alisuuza kwa siri vichwa vilivyokwisha kusuuzwa. Aliwahi asubuhi kuzipanga chupa mama alivyozoea kuzichukua: kali kushoto, laini kulia. Siku moja alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa kali, na mama alipouona aliukata kwa mkasi bila kukunja uso.

"Umeniona kipofu?" aliuliza.

"Nimeufunga kwa ajili yangu, mama."

"Wewe una pua. Itumie."

Wakaendelea hivyo, mama akinusa chupa ambazo hazikumwambia kitu na binti akimfuata nyuma akizoa makosa. Usicheke. Wengi wetu tumeishi hivyo na watu tunaowapenda, tukaita heshima kitu ambacho ni woga mtupu.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu, shoga wa Mama Mawimbi wa siku nyingi, mtu wa kupinda nywele kila sikukuu mpaka alipougua. Ugonjwa ule ulimlaza kitandani muda mrefu, na matibabu yakaondoka na nywele zake zote, nyusi pia. Alipona. Nywele zilirudi, lakini hazikurudi zilezile. Za zamani zilikuwa ngumu, za kuvunja vitana, za kula dawa kali bila kutikisika. Hizi mpya zilikuwa laini kama za kichanga na ngozi chini yake ilikuwa bado nyororo. Mama Mawimbi alimzungusha miezi kadhaa, kila akija anamwambia bado, ziache zishike nguvu. Safari hii alizipima kwenye kidole chake, akazivuta kidogo, akasema, "Leo tunaweza. Kwa dawa laini, na kwa muda mfupi."

Mwalimu alifumba macho. "Sijajitazama kwenye kioo nikakaa tangu niumwe," alisema. "Napita tu. Nataka nikae."

Kazi ya kuviringisha aliifanya Mama Mawimbi mwenyewe, na jamani, ilikuwa raha kuitazama. Alichukua vijiti vinene kwa sababu nywele laini ukizibana kwa vijiti vyembamba zinakata tamaa. Aligawa mstari kwa mstari, karatasi juu ya ncha, akaviringisha bila kuvuta, kila kijiti kikilala mahali pake kama kimezaliwa hapo. Kitana alikuwa kiti cha pili, mikono imejaa nywele za msichana mmoja aliyetaka mizizi inyanyuke, na kwenye benchi walikuwepo wengine wawili wakisubiri. Asubuhi hiyo alichelewa, mwanawe alikuwa na homa. Hakupata nafasi ya kuzipanga chupa.

Mama akainua mkono rafuni, akachukua chupa, akafungua kifuniko na kuipitisha chini ya pua. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Harufu ilimfikia Kitana akiwa kule alikosimama. Ilikuwa ile kali. Ile ya nywele zisizosikia.

Alifikiria kuangusha kitu, kuzua simu, kumwita mama nje, hila zote alizozizoea, na wakati huo mdomo wa chupa ulikuwa umeshafika juu ya kijiti cha kwanza, karibu na paji la uso. Alijua kitakachotokea. Nywele zile zingelainika kama uji, zingeng'oka pamoja na vijiti, na mwalimu angepata upara kwa mara ya pili, safari hii kwa mkono wa shoga yake.

"Mama, usimwagie."

Mama Mawimbi aliusimamisha mkono. "Kuna nini?"

"Hiyo ni ya nywele ngumu."

Msichana wa mizizi aliacha simu yake. Mama hakugeuka. Alimtazama bintiye kupitia kioo, na kwenye kioo hichohicho alikuwepo mwalimu katikati yao, shingo imekakamaa, macho yanahama huku na huku.

"Nimeinusa," alisema Mama Mawimbi. "Ni laini."

Hapo ndipo Kitana aliumia. Siku zote hizo alijiambia huenda mama hajui, huenda anadhani dawa za siku hizi hazina harufu. Kumbe alijua. Alikuwa anazipitisha chupa puani kwa ajili ya watu, kisha anabahatisha.

"Mama," alisema, "hujasikia harufu muda mrefu. Mimi nasikia. Nakuomba."

Alikuwa amelitamka mbele ya watu. Hakuna namna ya kulimeza tena neno lililokwisha kutoka, na Kitana aliona aibu kana kwamba amemvua mama yake nguo barabarani. Mama Mawimbi alibaki ameinua chupa. Angeweza kumfokea. Angeweza kumimina, kwa kiburi tu, na watu wa kiburi cha namna hiyo tunawajua. Mwalimu hakumwomba asimimine wala hakuinuka kitini. Alitoa mkono chini ya taulo akamshika shoga yake kiwiko, basi.

Mama Mawimbi alikifunga kifuniko. Akazunguka kiti, akasimama mbele ya bintiye, akamnyooshea chupa.

"Nusa wewe," alisema.

Kitana alinusa. "Ni kali."

"Lete laini."

Akaileta. Mama hakuipeleka puani. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka kwenye meza ya kioo, akasogea kando. "Mmwagie wewe," alisema. "Anzia nyuma, mbele umalizie. Akisema inamwasha, maji papo hapo." Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, katikati ya wale wanawake wawili waliokuwa wakisubiri, na hao wakasogea kumpa nafasi bila kujua watazame wapi.

Kitana alimwagia. Alifungua kijiti kimoja kutazama, akasubiri kidogo, akafungua tena. Alisuuza, akainama, akanusa, akarudi kwenye maji, akanusa tena mpaka pua ikaridhika. Mawimbi ya mwalimu yalitoka mapana na mepesi, si ya zamani, mengine kabisa, na yalimpendeza. Mwalimu alikaa mbele ya kioo muda mrefu. Machozi yalimtoka, akayaacha. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye benchi.

"Nimejiona," alimwambia Mama Mawimbi. "Asante, shoga yangu."

"Mshukuru yule. Mimi nilikuwa nakuunguza."

Jioni ile mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari, maana waliokuwepo midomo yao haina kufuli. Mteja mmoja alituma ujumbe kwamba kesho hatakuja. Kitana alifunga mlango mapema, akawa anaosha vijiti kwenye sinki. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo Kitana hakukumbuka kuwahi kumwona akikaa.

"Ulijua tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu yule bibi arusi."

"Nilidhani hivyo. Taulo nililolikamua mimi nililikuta limelowa upya." Akaendelea, "Kitana, mimi ni msusi. Kichwa kilichosuuzwa mara mbili nakijua kwa vidole. Kila ulipofanya vile nilikuwa nashukuru, na nilikuwa nakuchukia."

Kitana alifunga bomba. "Ningekwambia mapema, tusingefika kwenye kichwa cha mwalimu."

"Ungeniambia mapema ningekufukuza kazi."

"Ungenifukuza kweli."

"Halafu ningemuunguza mtu." Mama alicheka kidogo, kicheko kikavu, kikaisha njiani. "Kuviringisha nitaviringisha. Vidole viko. Dawa siigusi tena, na wateja nitawaambia mwenyewe, mmoja mmoja. Anayetaka kuondoka aondoke nikimtazama."

Kitana alikausha mikono, akaanza kuvipanga vijiti, vinene kwa vinene.

"Kuna jambo nataka kukuuliza," mama alisema, "na usinidanganye kama ulivyonidanganya na mataulo." Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. "Mimi nanukaje? Mtu asiye na pua hajui. Naoga, narudia, lakini nikiingia kwenye watu najiuliza kama wananivumilia. Sina mwingine wa kumuuliza."

Kitana alikwenda nyuma ya kiti. Aliinama, akaweka uso wake shingoni mwa mama yake, mahali ambapo hakuwahi kuuweka tangu alipokuwa wa kubebwa. Palikuwa na sabuni, jasho kidogo la mchana, na chini ya hayo palikuwa na ile harufu iliyorudi nyumbani kila jioni na kulala kando yake, harufu iliyomwambia akiwa amefumba macho kwamba mama amefika na hakuna kitakachomdhuru.

"Unanuka dawa, mama."

Mama Mawimbi alitulia. "Ipi?" aliuliza. "Kali au laini?"

Kitana alivuta tena, taratibu, kwa sababu mama yake angejua kama amejibu tu kumridhisha. "Zote," alisema. "Zimekuingia zote."

Mama Mawimbi akafumba macho. Akaupeleka mkono wake puani, akavuta pumzi ndefu, akaitafuta. Akavuta tena. Halafu akaushusha mkono mapajani na kulia, na Kitana akabaki ameinama palepale, akimnusa kwa niaba yake.