Maua ya Kumfukuza Zmei

Zlatina alikuwa akichonga wanasesere wa jumba la maonyesho ya watoto, katika mji mdogo kando ya mto Danube. Mwezi wa Machi mumewe, Kostadin, alianguka gereji spana ikiwa mkononi, na hakuinuka tena. Tangu siku hiyo Zlatina hakuwahi kutoa chozi. Majirani walisema amepiga moyo konde, na yeye akawaacha waseme. Alikuwa anaamka, anachonga, anakula anachowekewa, anarudi kulala. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, unaukanyagia, lakini haukuambii kitu.

Septemba ilipoingia, Rumyana, mkuu wa jumba, aliwaita wote watafute hadithi ya majira ya baridi. Aliweka sahani ya banitsa, pai ya jibini, katikati ya meza, ingali moto.

"Nataka viumbe vya hapa kwetu," alisema. "Watoto wamechoka na sungura. Semeni lolote, hata upuuzi."

"Karakonjuli," alidakia Ognyan, mwigizaji ambaye maneno hayamkai mdomoni. "Siku za Krismasi anamrukia mlevi mgongoni, anampanda kama punda mpaka jogoo awike. Mlevi nitakuwa mimi. Sihitaji mazoezi."

"Hilo tunalijua," alisema Rumyana. "Mwingine."

Desislava, binti aliyekuwa akiwapigia muziki, alijaribu samodiva: yule mwanamke wa msituni anayecheza dansi, mchungaji akamwibia shela, ikabidi aolewe naye.

"Shela lile lile kila mwaka," alisema Ognyan. "Litachanika sasa."

"Basi talasamu. Fundi anapima kivuli cha mpita njia kwa uzi, uzi anaujengea ndani ya daraja, na yule mtu anaku..." Desislava alimtazama Zlatina, kisha akaiangalia banitsa. "Anahama. Anahamia darajani."

"Anakufa," alisema Zlatina. "Anakufa, halafu anakuwa mzimu wa daraja. Sema tu, mdogo wangu. Neno haliniumizi."

Alisema kweli. Na hilo la kutoumia ndilo lililokuwa likimtia hofu kidogo, pale hofu ilipopata nafasi.

Ognyan akaona awaokoe. "Tuachane na wafu, bwana. Zmei je? Joka la moto, mabawa hayo, likitaka linageuka kijana mzuri wa kuposa. Linampenda binti wa watu, linashuka kwa dohani, na halionekani na yeyote ila huyo binti. Sasa binti anabadilika. Hachani nywele. Hacheki, hatoki na wenzake. Ukimsemesha anakutazama, lakini hayupo, rangi imemtoka, kama..."

Sauti ilizidi kumpungua. Hakuna aliyemtazama Zlatina, na kila mtu alijua kwa nini. Nywele zake alikuwa amezifunga kwa kamba ya karakana, na hakukumbuka alizifunga lini.

"Endelea," alisema. "Anaponaje?"

"Mama yake anachuma maua. Vratika, na mengine siyajui. Anayachemsha, anamwosha. Zmei akisikia ile harufu anaruka zake, analia huko angani."

"Na asipooshwa?"

Ognyan alikuna kidevu. "Basi zmei anamchukua, dada."

Rumyana alisema wapumzike, wale kabla banitsa haijapoa.

Zlatina alirudi nyumbani mchana ule ule. Alimkuta mama mkwe wake, Stanka, akibandika langoni, kama ilivyo desturi, tangazo jipya la kifo cha mwanawe, maana nusu mwaka ulikuwa umetimia. Kostadin alikuwa pichani na tai ambayo hakuipenda maisha yake yote. Zlatina alishika upande wa pili wa karatasi.

"Vuta kwako kidogo," alisema Stanka. "Hapo. Umekula?"

"Nimekula. Mama, vratika unaijua?"

"Ya njano ile? Imejaa kule nyuma ya reli. Ya nini?"

Zlatina akamweleza. Stanka hakucheka. Alipangusa gundi kwenye aproni yake.

"Nyanya yangu alimwosha shangazi hivyo," alisema. "Zmei gani. Alikuwa amezika watoto. Lakini wao walisema ni zmei, kwa sababu zmei anafukuzika."

Wakaenda nyuma ya reli, wakarudi na maua ya kujaza aproni. Stanka aliyachemsha, akatoa beseni uani juani, akamkalisha Zlatina kwenye kigoda na kuinamisha kichwa chake. Maji yalinuka uchungu, kama dawa. Zlatina alifumba macho akangoja kitu kimtoke. Hakikutoka. Vidole vya Stanka, vigumu kwa kulima bustani, vilifumua mafundo ya nywele moja baada ya jingine. Kisha vikasimama.

"Mbona umeacha, mama?"

"Nimechoka tu." Stanka alipapasa ukingo wa beseni. "Kostadin alipokuwa mdogo nilikuwa namwosha kwenye beseni hili hili. Akiingiwa na sabuni machoni, mtaa mzima unajua."

Zlatina aliinua kichwa, maji yakamchuruzika mgongoni. Huyu mama ndiye aliyepokea waombolezaji. Ndiye aliyepika ngano ya arobaini na kuwagawia watu makaburini. Kila siku alikuwa akiuliza umekula, umelala, umevaa sweta. Nani alimuuliza yeye? Zlatina hakuwahi. Wazo hilo lilimjia wazi kabisa, bila maumivu, kama habari ya mtu wa mji mwingine. Hata hivyo alisimama.

"Kaa wewe sasa."

"Mimi? Zmei atafuata nini kwa ajuza kama mimi? Kwani hana macho?"

"Kaa, mama."

Stanka akakaa. Zlatina alimfungua kitambaa cheusi cha kichwani. Miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe, chache, laini kama za mtoto. Alipommiminia maji ya kwanza, mabega ya Stanka yalianza kutikisika. Alilia ndani ya beseni, kwa sauti, akilitaja jina la mwanawe, na jirani wa upande wa pili akafunga dirisha lake taratibu ili asionekane anasikiliza.

Zlatina hakulia. Alikinga macho ya Stanka kwa kiganja ili maji ya maua yasimwingie, akaendelea kumimina. Yalipokwisha alikwenda jikoni akachemsha mengine.

Kesho yake aliwaambia wenzake wachukue hadithi ya zmei, ila mama wa binti awepo tangu mwanzo, tena awe mwanasesere mkubwa kuliko wote.

"Na binti?" aliuliza Ognyan. "Mwishoni anacheka?"

"Sijui bado," alisema Zlatina. "Niacheni nimchonge mama kwanza."

Aliteremka karakana, akachagua gogo la mlindeni, mti laini wa kuchonga, lililokauka vizuri, akatafuta patasi yake.