Nani Amekaa Mahali pa 2093

...na kalamu yenyewe imetafunwa mkiani, anawaza, mtu anapewa barua ya kukiri kosa na kalamu yenye alama za meno ya mwenzake, wangeona haya kidogo, naye bosi anaendelea, "mimi sina ubaya na wewe, mama, ila kanda imepotea mikononi mwako," mikononi mwake, mikono hii iliyobeba kanda za kumbukumbu za kompyuta miaka kumi na tisa bila kuangusha hata moja, mpaka wenzake wakamwita Mama Kanda kwa utani na utani ukawa jina, hata mumewe humwita hivyo akitaka chai... na asubuhi ya leo mumewe amesema tia saini yaishe, wakubwa hawashindwi, huyo naye, angeambiwa akiri kuiba mwezi angeuliza tu asaini wapi... kanda 4417, matokeo ya mitihani ya mwaka mzima, nakala pekee iliyobaki, na akisaini leo kesho hana kazi, hilo halina mjadala, "kompyuta kuu inasema ilitoka hapa Jumanne ikaenda ghala la nje, kishubaka 212," bosi anasoma, "na aliyethibitisha ni wewe, namba ya siri ni yako," yake ndiyo, lakini Jumanne hiyo alikuwa hospitali amemshika mama yake mkono, mama anafunguliwa bandeji ya jicho, jambo la kwanza analosema ni mwanangu mbona umezeeka, wakacheka mpaka nesi akawakanya, na namba aliiomba bosi mwenyewe, nipe tu nitakushikia zamu, kupanga makasha siyo kazi ya kusomea, na aliporudi Alhamisi akamkuta anajigamba mbele ya watu, kazi yako nimeimaliza kwa dakika kumi... kumi, na yeye humchukua saa nzima, maana kanda moja inatoka na nyingine inarudi, na kila moja uisome lebo kabla hujaisogeza, usiamini kasha, makasha yote mawili ni ya bluu, mapacha watupu, na kompyuta maskini haina macho, inasadiki inachoambiwa... amemweleza bosi mara tatu kwamba siku hiyo hakuwepo, mara tatu akajibiwa namba ni yako, sikio la kufa halisikii dawa, "...nimempigia mtunza ghala leo," bosi anasema, na yeye anasikia nusu nusu, anaitazama feni, "kafungua 212 kwa mkono wake, 4417 hamna, kuna likanda la zamani tu, 2093, la kufutwa, sasa hilo litatusaidia nini," na feni inazunguka, litusaidie nini kweli, 2093... ngoja. Ngoja kwanza, 2093 ndiyo iliyotakiwa kurudi Jumanne ileile, impishe 4417 kule ghalani, na orodha ya kompyuta inasema ilirudi, na yeye mwenyewe juzi amepita rafu ya tano akakiona kishubaka chake kina kanda, akapita zake, nani hupekua kishubaka chenye kitu, siku kumi na moja wamepekua vitupu pekee, chini ya meza, nyuma ya kabati, hata jikoni... na kama 2093 bado iko ghalani, ni nani amekaa mahali pake hapa?

Mungu wangu, ni 4417, hakuna mwingine, anaiona Jumanne hiyo kana kwamba alikuwepo, dereva mlangoni anapiga honi, makasha mawili ya bluu mezani, bosi na haraka zake anamrudishia dereva kasha lililoletwa, anabaki na lililotakiwa kuondoka, anaitoa kanda, anaichomeka panapotajwa na orodha, rafu ya tano, lebo haitazami, anathibitisha kwa namba isiyo yake, na huko ghalani nao wakafuata orodha vilevile... ipo, haijapotea, haikutoka hata mlangoni, ipo nyuma ya ukuta huu, hatua thelathini, na furaha inampanda kifuani mpaka inambidi aume midomo, angeweza kupiga kigelegele humuhumu ofisini, usiku kumi na moja amelala akijihukumu, akijiuliza amezeeka, amesahau, amekosea wapi, na hakukosea popote, popote, kichwa chake ni kizima na kazi yake anaijua kuliko mtu yeyote katika jengo hili, "sahihi hapa chini, mama, karibu na tarehe," bosi anasema, kidole juu ya karatasi, na kalamu bado iko mkononi mwake, haijagusa kitu, na woga aliokuja nao hauoni tena, anautafuta haupo, anamtazama bosi na karibu amwonee huruma, karibu tu... atamwacha amalize, asimkate kauli, halafu atamwomba kwa adabu zote wamwite mkurugenzi, waende pamoja mpaka rafu ya tano, na pale hatagusa kitu, atasimama pembeni na kumwambia bosi anyooshe mkono aitoe mwenyewe, aisome lebo kwa sauti, tarakimu moja moja.