Simba Chini ya Kiti cha Baiskeli

Alhamisi nzima Konstebo Okeny aligonga shilingi ya mkoloni, ile yenye simba. Aliisimamisha kwa ukingo juu ya pasi, akaigonga kwa mgongo wa kijiko huku akiizungusha, ti, ti, ti, kama alivyomwona baba yake akifanya jeshini. Ukingo ukishalala na kupanuka, unatoboa katikati, unapata pete. Lakini ukingo huu haukulala. Kijiko ndicho kilichopinda.

Aber, mchumba wake, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakumbuka kwamba arusi ni kesho kutwa na Jumatatu Okeny anahamishiwa Moroto. Masonara wa Kihindi wa Kampala walikuwa wamefukuzwa nchini mwaka juzi. Pete ya mama mmoja wa kwaya ilikuwa ikiazimwa kila Jumamosi, hata Padri akachoka. "Nimeiozesha pete hii mara tisa," alisema. "Njooni na yenu, hata ya bati, au mngoje."

Ijumaa asubuhi akapita jirani yao Cleopas, Mkenya, fundi wa saa kule Kikuubo. Akaiweka ile shilingi chini ya kioo chake cha jicho.

"Shemeji, hii ni ya mwaka arobaini na tisa! Utagonga mpaka ustaafu."

"Si ina simba?" Okeny akauliza.

"Simba ni yuleyule, tumbo ndilo tofauti. Mpaka arobaini na sita, robo ilikuwa fedha, iliyobaki karibu yote shaba. Laini. Baada ya vita fedha ikawa ghali, Waingereza wakaitoa, wakatia nikeli. Hiyo ni ngumu kama mkweo."

"Mama yangu umemtoa wapi?" Aber akamrushia kitambaa.

Habari ikaenea nyumba zote za polisi pale Bukoto. Wanawake wakamwaga mikebe ya vifungo, wakapekua mifuko ya makoti ya marehemu, wakawa wanasomeana miaka kwa sauti kama wanaocheza bahati nasibu. Hamsini! Hamsini na mbili! Watu waliokuwa wamezoea kunong'ona walipiga kelele tangu saa mbili hadi saa nne.

Kelele zikamleta Koplo Wahabi, amevaa kofia, anasukuma baiskeli. Mikebe ikafunikwa.

"Nyinyi natengeneza pesa hapa?"

"Hapana, afande," Okeny akasema, kijiko kilichopinda mkononi. "Natengeneza pete."

"Na kijiko?"

Aber hakuwasikiliza. Alikuwa anatazama kiti cha baiskeli. Chini ya nati yake, mahali pa kile kisahani cha kukazia, palichungulia mkia.

"Afande," akasema, goti chini, "umekalia simba."

Koplo akaruka. Alipoelewa, alicheka akashika mti wa kuanikia nguo. Marehemu mjomba wake ndiye aliyeitoboa sarafu ile, zamani, alipokosa kisahani. Wakafungua nati. 1942! Akina mama wakapiga vigelegele, na koplo akaenda zamu yake kwa miguu, kiti kwapani.

Sarafu ile ikakubali. Kila kijiko kilipogonga, ukingo ulilala na duara likapungua. Waligonga kwa zamu mpaka giza, wakaanza tena alfajiri. Hata koplo, alipotoka zamu, aligonga, akihesabu kijeshi. Lakini shilingi ni pana, na kidole cha Aber ni chembamba kama kalamu. Saa tatu kengele ya kanisa ililia. Cleopas akapiga tupa haraka, akaing'arisha kwa majivu. Ilimwenea Okeny kidole gumba.

"Twende hivyohivyo," Aber akasema.

Madhabahuni, Okeny alipomvisha, pete ilizunguka kidoleni kama hirizi ya kiunoni. Aber akakunja ngumi.

Padri akangoja. "Fungua mkono, binti, niibariki."

"Nikifungua, Padri, itamwoa mwingine."

Kanisa likaangua kicheko. Okeny alicheka machozi yakamtoka, bega lake likitikisa bega la Aber. Padri akajaribu kukunja uso, akashindwa, akachovya vidole katika maji ya baraka, akaibariki ngumi.